Mkono ukining'inia, kipimo cha presha hupotosha

Mhariri,

Siku hizi presha hupimwa kila mahali: maduka ya dawa, mabanda ya maonyesho, hata nje ya nyumba za ibada. Ni jambo jema sana, kwa kuwa presha ya juu mara nyingi haina dalili. Kinachosikitisha ni upimaji wenyewe. Mtu ametoka juani anahema, mkanda unafungwa juu ya shati, mkono unaning'inia kando ya kiti, naye anajibu maswali. Namba ya namna hiyo haifai kumwanzishia mtu dawa, wala kumwambia yuko salama.

Moyo unapojikaza, chemba ya chini ya kushoto husukuma takriban mililita 70 za damu kwenye aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Kuta za ateri, yaani mishipa inayopeleka damu mwilini, hutanuka na msukumo hupanda. Hiyo ndiyo namba ya juu. Moyo ukilegea ili ujae tena, valvu ya aota hujifunga, na kuta zilizotanuka hurudi taratibu zikiendelea kuisogeza damu mbele. Msukumo unaobaki kabla ya pigo linalofuata ndio namba ya chini.

Sasa, damu ina uzito. Mkono ukiwa sentimita 10 chini ya usawa wa moyo, uzito huo huongeza karibu milimita 8 za zebaki (kizio cha presha), hivyo mwenye namba ya juu ya 134 husomeka 142. Ukiinuliwa juu ya moyo, kipimo hupungua, na hilo linatutia hofu zaidi, maana mgonjwa hurudi nyumbani akijiona mzima. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene nao huongeza namba: mpira wake wa ndani unapaswa kuzunguka angalau asilimia 80 ya mkono, la sivyo hulazimika kujazwa hewa nyingi zaidi ndipo uibane ateri. Kila meza ya upimaji iwe na mikanda ya saizi mbili au tatu.

Mpimwaji asivute sigara wala kunywa kahawa au chai ya rangi nusu saa kabla, na aende haja ndogo kwanza, kwani kibofu kilichojaa hupandisha presha. Aketi dakika 5 ameegemea, nyayo zikiwa sakafuni, miguu haikupishana, mkono usiofunikwa na nguo umelazwa mezani usawa wa moyo, bila kuzungumza. Apimwe mara mbili kwa kupishana dakika moja au mbili. Siku ya kwanza ipimwe mikono yote miwili, na baadaye utumike ule uliotoa namba kubwa.

Ikifika 140/90 au zaidi, apimwe tena siku nyingine kabla ya kuambiwa ana ugonjwa. Lakini mwenye 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja wa mwili asisubiri siku ya pili; apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Wahudumu wa afya,
Tanga