Kwa Rafiki Yangu Aumwaye Kiuno

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimeipokea barua yako, na imenihuzunisha kusoma kwamba kiuno bado kinakusumbua hata kuinama kufunga viatu ni kazi. Pole sana. Umeniuliza kama tiba ya mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio (ultrasound) uliyoshauriwa itakufaa.

Tiba yenyewe haiumizi. Mtaalamu wa viungo atakupaka jeli kiunoni, kwa kuwa mawimbi hayo hayapiti vizuri hewani, kisha atazungusha kichwa cha mashine juu ya ngozi kwa dakika 5 hadi 10 hivi, bila kukituliza mahali pamoja, maana kikitulia huweza kuunguza tishu za ndani. Kwa misuli ya kiuno, iliyo ndani, hutumika masafa ya megahezi 1, yaani mitetemo milioni moja kwa sekunde, yanayopenya zaidi kuliko yale ya megahezi 3. Utahisi vuguvugu, au usihisi kitu. Ukihisi kuchomwa, sema hapo hapo. Kabla hajaanza, mweleze kama una ujauzito, kama umewahi kuugua saratani, au kama ngozi ya kiunoni ina ganzi.

Hata hivyo, nisingependa uitegemee. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, lilishauri isitumiwe, na NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, ilikwisha kusema hivyo mwaka 2016, kwa sababu wagonjwa waliotibiwa kwa mashine iliyozimwa pasipo wao kujua walipata nafuu inayokaribiana na ya wenzao waliotibiwa kwa mashine iliyowashwa. Wanaosema wamepona siwabishii; maumivu ya kiuno mara nyingi hupungua yenyewe, na kuhudumiwa na mtu anayekujali nako kunatuliza.

Nakusihi umwombe mtaalamu huyo huyo akufundishe mazoezi, nawe uyafanye kila siku hata kama mwanzoni yanauma kidogo, na uendelee kutembea badala ya kulala kitandani, kwani kulala sana hudhoofisha misuli ileile inayoubeba mgongo. Fedha ya vipindi vingi vya mashine ningeiweka huko.

Lakini ukiona ganzi sehemu za siri, ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au miguu ikilegea, usingoje miadi: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Niandikie baada ya kuonana na mtaalamu, unieleze amekupa mazoezi gani.

Wako akupendaye.