Picha za eksirei zilizoharibika zihesabiwe, zisifutwe

Mhariri,

Nafundisha radiografia, yaani kazi ya kupiga picha za eksirei, chuo kikuu hapa Dar es Salaam. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja linaloninyima raha: picha za eksirei zinazoharibika katika hospitali zetu nyingi hazihesabiwi.

Nilipokuwa mwanafunzi tulitumia filamu. Kando ya mlango wa chumba cha giza palikuwa na boksi la filamu mbovu, na kila Ijumaa mwalimu wetu alilimwaga mezani. Tulizishika moja moja, tukaziinua kwenye taa, kila mmoja aseme kosa ni nini: mgonjwa alipumua, kaseti, yaani kasha la filamu, ilikaa mshazari, mionzi ilizidi filamu ikawa nyeusi tii, au ilipungua ikabaki nyeupe. Aibu tuliiona, lakini hakuna aliyeadhibiwa. Kazi hii nimeijulia kwenye boksi lile.

Leo mashine ni za kidijitali. Picha ikiharibika, kitufe kimoja kinaifuta, mgonjwa anaambiwa, "Turudie kidogo, mama," basi. Tena kompyuta yenyewe hurekebisha mwanga wa picha. Mionzi ikipungua, picha huwa na chengachenga. Ikizidi, picha haiwi nyeusi kama zamani, bali hutoka safi, inapendeza. Kijana anayeogopa chengachenga ataongeza kidogo leo, kidogo kesho, na hakuna wa kumshtukia. Pembeni ya skrini kuna namba inayoonyesha mionzi iliyokifikia kipokezi, yaani bamba linalonasa picha. Wanafunzi wangu nawafundisha kuisoma namba hiyo kabla hawajaitazama picha.

Sitaki kumtisha mtu. Picha moja ya kifua ina mionzi kidogo sana, kama ile ya asili tunayoipata kwa siku chache kutoka ardhini na angani. Daktari akikuandikia, nenda ukapigwe. Lakini picha ya mgongo wa kiunoni hubeba mionzi mara nyingi zaidi. Sisi wafanyakazi tuna ukomo, wastani wa milisiviati 20 kwa mwaka (milisiviati ni kizio cha mionzi), na tunavaa vifaa vya kuipima kifuani. Mgonjwa hakuwekewa ukomo wa namna hiyo kwa sababu anahitaji tiba. Kinga yake ni kwamba picha iwe na sababu, na itoke sawa mara ya kwanza.

Na kinachoiharibu mara nyingi ni kitu kidogo. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea picha ya kifua yenye kivuli juu ya pafu la kulia. "Mwalimu, hii si TB?" Tukamfuata dada mwenyewe kwenye benchi. Rasta zake zilikuwa zimelala begani, zimefungwa fundo. Tukazikusanya utosini, picha ikarudiwa, kivuli hakipo. Kwa kivuli kile angeweza kuanzishiwa dawa za miezi 6.

Kwenye picha za nyonga, tatizo ni shanga. Kijana wa miaka 21 anaona haya kumwuliza mwanamke wa rika la mama yake. Hilo nalo tunalifanyia mazoezi darasani, wanalisema kwa sauti mpaka ulimi uzoee: "Shikamoo mama. Naomba nikupishe, utoe chochote kilichopo kiunoni, hata kama ni shanga." Kisha anatoka na kufunga mlango.

Nilipotaka kuhesabu picha zinazorudiwa, hospitali moja ilinikatalia. Uongozi ulihofia kuaibishwa. Nyingine ilinikubalia. Tulianza na kaunta buku lenye safu tatu: tarehe, kiungo kilichopigwa, sababu ya kurudia. Safu ya jina la aliyepiga niliikataa kabisa, maana mtu akijua ataitwa ofisini hataandika kitu. Kabla mwezi haujaisha nilikuta kikopo cha vibanio vya nywele kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Sikuwa nimemwagiza mtu.

Ninachoiomba Wizara ya Afya na waganga wafawidhi ni kwamba kila chumba cha eksirei kiwe na daftari la namna hiyo, lisomwe mbele ya wote mara moja kwa mwezi, na lisitumike kumwadhibu mtu. Wanafunzi wetu wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo wapewe kazi ya kulijaza. Kaunta buku nitawapa mimi.

Mhadhiri wa radiografia,
Dar es Salaam