Ndugu zake wote walijua, ni mimi tu niliyefichwa

Anti, shikamoo. Sijalala tangu usiku wa juzi, nikirukaruka univumilie.

Mume wangu ameanguka. Sijui niseme kifafa au nisiseme, maana hospitali wenyewe wamesema "huenda". Nilishtushwa na mkoromo wa ajabu, kuwasha taa nakuta mwili umekakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kurukaruka, povu lenye damu linamtoka, ulimi kaung'ata. Wifi yangu tunayekaa naye alisimama mlangoni anapiga kelele nisimguse, povu linaambukiza, nimtie kijiko mdomoni. Mimi nilimshika, nikamlaza ubavu mpaka akatulia. Hilo naomba lijulikane, maana sasa naambiwa simpendi.

Hapo ndipo wifi akaropoka: "Jamani, limerudi!"

Limerudi, Anti. Kumbe lilikuwepo.

Lile kovu lake la mguuni, kuanzia kifundoni hadi karibu na goti, aliniambia alimwagikiwa uji. Nimelipaka mafuta kovu lile tangu tuoane. Kumbe aliangukia motoni, jikoni kwa bibi yake. Mama mkwe anajua, mashemeji wanajua, hata mshenga aliyekaa kwa baba yangu akimsifia alikuwa anajua.

Mama mkwe nilipompigia, la kwanza: "Mwanangu alishapona tangu darasa la nne. Wewe umemfanyia nini?" Nimfanyie nini mimi? Kwao ni Mahenge, Morogoro. Nesi aliposikia tu akaanza kuuliza habari za usubi, ule ugonjwa wa nzi wadogo wa mtoni unaohusishwa na kifafa, akasema kule kifafa ni ugonjwa wa siku nyingi, na kwamba unaweza kunyamaza miaka ukarudi ukubwani, hasa mtu akikosa usingizi. Na yeye anaamka saa kumi. Sasa mimi naingiaje hapo?

Kapewa vidonge vya kila siku, asikatishe hata akijiona mzima, na barua ya kwenda Muhimbili kupimwa umeme wa ubongo. Barua ipo chini ya godoro. Vidonge anasema vinamlegeza, na kwamba ule ulikuwa uchovu tu.

Sio kwamba nataka kuondoka. Kwetu wanasema nirudi, na begi langu nimelipanga, ila nguo za mtoto sijazigusa. Mgonjwa haachwi, najua. Lakini aliyenificha je? Angeniambia ningeolewa naye vilevile. Nadhani ningeolewa naye.

Halafu kuna bajaji. Anabeba watoto wa shule, wanajaa mpaka wawili wanakaa naye mbele, na mwanetu ni mmojawapo. Wazazi wananitumia mimi hela kwenye simu kila mwisho wa mwezi. Bajaji yenyewe ni ya mtu. Akisikia anaichukua siku hiyohiyo, na kodi ya nyumba tunadaiwa. Mume wangu ananiambia, "Ukisema umeniua." Wao walinyamaza nikaingizwa ndani sijui kitu, leo nisiponyamaza mimi ndiye mbaya?

Nimwambie mwenye bajaji, au nivipe vidonge muda kwanza? Maana kuvimeza kwenyewe mpaka nimsimamie. Na hili la mtoto kurithi, lina ukweli?

Nijibu mapema, shule zinafunguliwa Jumatatu. Jina langu usiliweke, wifi ni msomaji wako.