Kujisomea Baiolojia ya juu: ujipime kabla ya kujiandikisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu jambo ambalo wanafunzi wa sekondari hutuuliza sisi walimu kila msimu wa kujiandikisha kwa mitihani unapokaribia: je, mtu anaweza kujisomea mwenyewe Baiolojia ya kiwango cha juu, bila darasa wala mwalimu, na akafaulu? Jibu langu ni kwamba inawezekana, lakini wengi huamua kwa kutazama unene wa kitabu na miezi iliyobaki, ilhali kinachowaangusha ni kingine kabisa.

Kitabu hakimshindi mwanafunzi mwenye nidhamu. Muundo wa seli, usanisinuru, urithi, uteuzi asilia na ikolojia ni mada zilizoelezwa vizuri na wengi, na anayependa kusoma atazimaliza. Ugumu ni kwamba mitihani ya siku hizi haitaki tu mtahiniwa amwage alichokariri, bali humpa jaribio ambalo hajawahi kuliona, pamoja na jedwali au grafu ya matokeo, kisha humtaka aeleze kidhibiti, yaani sehemu ya jaribio iliyoachwa bila kubadilishwa ili kulinganishia, kiliwekwa kwa nini, na atabiri kitakachotokea iwapo sharti moja litabadilishwa. Katika mtihani wa AP Biology unaotolewa na College Board ya Marekani, ambao mwanafunzi anaruhusiwa kuufanya hata kama hakuhudhuria somo hilo darasani, kuna maswali 60 ya kuchagua kwa dakika 90, na maswali 6 ya kujieleza kwa dakika 90 nyingine, na kila sehemu hubeba nusu ya alama. Nusu hiyo ya pili ndiyo inayomhitaji msahihishaji, na kitabu hakisahihishi.

Nitoe mfano. Swali linasema kwamba vipande vya viazi vilivyolowekwa katika maji yenye sukari nyingi vilipungua uzito, na mwanafunzi anatakiwa aeleze sababu. Anaandika kwamba ni kwa sababu ya osmosisi, anatazama majibu nyuma ya kitabu, analiona neno hilohilo, na anajipa alama zote. Msahihishaji makini hatampa, kwa sababu anataka kusoma kwamba maji yalitoka ndani ya seli, ambako uwezo wa maji, yaani msukumo wa maji wa kuhama, ulikuwa mkubwa zaidi, yakaelekea nje ulikokuwa mdogo, kwa kupita katika utando unaochagua vitu vya kupitisha. Anayejisomea peke yake halioni pengo hilo, kwa kuwa akilini mwake tayari anajua alichokusudia kusema.

Kuhusu vitendo, mitihani haifanani, na hili litazamwe mapema. AP Biology haina karatasi ya maabara, ingawa huuliza sana kuhusu majaribio; Baiolojia ya A Level ya Cambridge ina karatasi ya vitendo ya saa 2, na mtahiniwa ambaye hajawahi kurekebisha hadubini kwa mikono yake mwenyewe hawezi kuufidia upungufu huo kwa kusoma.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, ningemshauri mwanafunzi ajipime kwa kazi moja tu. Achukue matokeo ya njegere ambayo Gregor Mendel, mwasisi wa elimu ya urithi, aliyachapisha mwaka 1866: mbegu za mviringo 5,474 na zilizokunjamana 1,850. Akokotoe idadi zinazotarajiwa kwa uwiano wa 3 kwa 1, afanye jaribio la kai mraba, yaani kipimo cha takwimu cha kuona kama tofauti kati ya matokeo na matarajio yaweza kuwa ya bahati tu, apate takriban 0.26, ailinganishe na 3.84, kikomo cha kwenye jedwali, kisha aandike kwa sentensi kamili kwamba tofauti hiyo haitoshi kuikataa nadharia tete, yaani dhana inayopimwa kwamba uwiano ni 3 kwa 1, na kwa nini kutoikataa si sawa na kuithibitisha. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ni sentensi hizo za mwisho zinazoonyesha kama mtu anafikiri kwa njia ambayo mtihani unaidai. Akikwama kwenye hesabu, hilo hurekebishika kwa muda mfupi. Akikwama kwenye maelezo, na hana wa kumsomea kazi yake, namshauri asubiri mwaka mwingine au atafute darasa.

Mwenye msingi mzuri wa Kemia, anayelipenda somo lenyewe na si cheti tu, ajiandikishe bila hofu. Hahitaji mwalimu wa kila siku. Anahitaji muhtasari wa somo wa mwaka husika, mitihani iliyopita pamoja na miongozo yake ya usahihishaji, na mtu mmoja anayeijua Baiolojia atakayekubali kusoma majibu yake kila wiki na kumwonyesha alipoacha pengo. Nawaomba walimu wenzangu wasiwakatae vijana wanaowafuata kwa ombi hilo, hata kama hawako katika orodha ya darasa lao, kwa sababu kusahihisha majibu mawili au matatu kwa wiki ni kazi ya muda mfupi, na huo ndio msaada pekee ambao vijana hao hawawezi kujipatia wenyewe.

Wako,
Mwalimu wa Baiolojia