Barua kwa Mwanangu Aliyewekwa Hatua ya Tatu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, sote hapa nyumbani hatujambo. Barua yako nimeipata, na nimeona ulivyoumia kuwekwa hatua ya tatu ya kipimo cha fikra za maadili katika zoezi la saikolojia chuoni, kwa sababu uliandika kwamba Heinz, yule mume wa kisani asiyeweza kulipa bei ya dawa ya kumwokoa mkewe mgonjwa, asiiibe kabla ya kuwaendea ndugu na kurudi kumsihi mwenye duka la dawa. Usilichukue jambo hilo kama hukumu juu ya tabia yako, maana kipimo chenyewe hakikukusudiwa kupima tabia.

Mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg alikianzisha katika tasnifu yake ya mwaka 1958, Chuo Kikuu cha Chicago, kwa kuwahoji wavulana wa miaka 10, 13 na 16. Hakujali sana kama mtoto alisema aibe au asiibe; alichopima ni sababu. Anayeogopa kifungo yuko chini, anayewajali ndugu na majirani na kufikiria watamwonaje yuko hatua ya tatu, anayetetea sheria yuko hatua ya nne, na anayeweka uhai mbele ya mali kwa msingi wa haki za watu wote yuko juu kabisa.

Kwamba mawazo ya mtoto hukua sina shaka. Mwanasaikolojia Jean Piaget alieleza mwaka 1932 kuwa watoto wadogo humwona aliyevunja vikombe 15 kwa bahati mbaya ana kosa kubwa kuliko aliyevunja kimoja akidokoa jamu. Mdogo wako nilimuuliza hivyo huku nikichambua mchele, akajibu pasipo kusita: wa vikombe vingi achapwe zaidi!

Ninachokitilia shaka ni vidato vya juu vya ngazi hiyo. Carol Gilligan, aliyefanya kazi na Kohlberg huko Harvard, alitoa kitabu mwaka 1982 kinachomweleza Amy, msichana wa miaka 11 aliyetaka Heinz na mwenye duka wazungumze hadi wapate njia. Kwa kipimo kile alipewa daraja la chini kuliko mvulana wa umri wake aliyelipiga hesabu suala hilo kama la hisabati. Hata huku kwetu, Carolyn Edwards alipofanya utafiti nchini Kenya katika miaka ya 1970, wazee ambao vijiji viliwategemea kusuluhisha ugomvi walielekea kuangukia hatua ya tatu, huku wanafunzi wa chuo kikuu wakiwapita. Mimi ningempelekea mzee yule kesi yangu.

Tena mwanasaikolojia Erik Erikson, aliyegawa maisha yote ya binadamu katika hatua nane, aliweka kuwalea na kuwajali wanaokuja nyuma katika hatua ya saba, ya utu uzima. Anachokiona huyu kuwa ukomavu, Kohlberg amekiacha katikati ya ngazi yake.

Hata hivyo, mwalimu wako ana hoja moja. Kisa chenyewe kinasema Heinz alikwisha kukopa kwa kila amjuaye, akapata dola 1,000 tu, nusu ya bei, na mwenye duka akakataa kumpunguzia. Kwa hiyo, jibu lako liliishia pale ambapo swali linaanza. Liandike upya, ueleze Heinz afanye nini baada ya kukataliwa na kwa nini, kisha umwombe mwalimu alisahihishe tena.

Ni mimi,
Mama yako