Tuchapieni na viatu vya kufuma

Mhariri,

Ukurasa wenu wa mitindo haukosi magauni ya harusi. Naomba safari moja mtuchapie maelezo ya kufuma viatu vya kuvaa ndani. Huku Njombe, Juni hadi Agosti, sakafu ya saruji alfajiri haikanyagiki kwa miguu mitupu, na wazee ndio wanaoteseka zaidi.

Mimi hutumia sindano ya kroshia ya milimita 5 na nyuzi mbili za sufu kwa pamoja. Nafuma kipande cha mstatili: upana uzunguke mguu, urefu upungue kidogo kuliko unyayo, maana sufu hunyumbuka na kiatu kikubwa hupwaya upesi. Nyuma nakunja na kushona kisigino. Mbele napitisha uzi ukingoni, navuta mpaka vidole vifunikwe, nafunga.

Chini nashonea kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Jamani, hili msiliache! Sufu tupu juu ya saruji iliyosuguliwa inateleza, na mzee akianguka nyonga haiponi haraka.

Mabaki ya uzi wa masweta yanatosha kabisa. Mchoro uwe mkubwa, sisi wa miwani tuuone.

Bibi mfumaji,
Njombe