Barua kwa mwanangu: usiondoke kimya kimya

Nansio, Ukerewe

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, baba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa naanua dagaa mbio mbio maana wingu lilikuwa limejikusanya upande wa Mwanza. Nimefurahi sana kusikia bendi ya Dodoma imekuita ukapige gitaa la besi, na kwamba watakulipa kwa mwezi, siyo kugawana kilichopatikana mlangoni. Nenda. Kuondoka kwako sina neno nako. Neno ninalo pale uliposema, "Mama, nitaacha tu kwenda mazoezini, wenyewe wataelewa."

Hawataelewa. Nalijua hilo kwa sababu mimi niliwahi kufanya hivyo hivyo.

Unajua niliimba bendi kabla hujazaliwa, ila namna nilivyoondoka sijawahi kukusimulia. Mwaka 1987 tulikuwa waimbaji watatu wa kike, tunapiga muziki pale Kirumba, Mwanza, kila Jumamosi. Mimi nilikuwa sauti ya kwanza. Bendi moja ya Bukoba ikaniita, na Ijumaa usiku nikapanda MV Victoria bila kumuaga mtu. Nilijificha daraja la tatu katikati ya mikungu ya ndizi mpaka meli ilipong'oa nanga. Begani nilikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko lilikuwamo gauni la sare, lile la kitenge cha njano tulichonunua kwa kuchangishana.

Mwenzangu wa sauti ya pili alikuja kunieleza baada ya miaka mingi. Jumamosi ile walinisubiri mpaka saa nne usiku. Wakapanda jukwaani wakidhani nimechelewa tu. Kilipofika kiitikio akaingia yeye na mwenzake kama kawaida, na juu yao hakukuwa na sauti. Anasema aligeuka akaitazama maiki yangu imesimama peke yake, akasahau maneno ya wimbo alioimba miaka miwili. Watu wakapiga miluzi. Tulikuwa tunakula sahani moja, mimi na yule dada.

Hilo ndilo sitaki ulibebe.

Basi fanya hivi. Wa kwanza kujua awe kiongozi wenu, tena umwambie ana kwa ana. Usimwambie Jumamosi baada ya shoo, watu wamechoka na hesabu za mlangoni hazijaisha. Mwendee Jumatatu nyumbani kwake. Mwambie umepata wapi, unaanza lini, na utabaki nao mpaka lini. Akikasirika mwache akasirike, yeye ndiye aliyekupokea ukiwa hujui hata kufunga nyuzi. Wenzako waambieni ninyi wawili pamoja, na mashabiki wawe wa mwisho. Na lile kundi lenu la WhatsApp, usijitoe usiku wa manane watu wakaamka na kukuta umetoka.

Kubwa zaidi ni besi yenyewe. Mpiga solo akikosekana, mpiga ridhim anaweza kubahatisha na watu wakacheza. Besi ikikosekana, tumba na dramu zinabaki zinatafutana. Yule kijana anayewabebea spika, uliyeniambia ana sikio, mkalishe pembeni yako wiki hizi zilizobaki. Usimpe nyimbo zote kwa mkupuo. Kila wimbo una mahali pake pabaya: mwonyeshe pale mnapoingia sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha watu, ambapo besi inanyamaza kidogo kisha inarudi, maana hapo ndipo mgeni huanguka. Mrekodie kwenye simu, besi peke yake, polepole. Kisha siku moja ya shoo mwachie nyimbo mbili wewe ukiwa umesimama nyuma yake, ajue upo. Akikosea usimnyang'anye gitaa mbele ya watu.

Gitaa lenyewe ni la bendi, lirudishe na waya wake na mkanda wake. Nywila ya ukurasa wao wa Facebook wape. Ule mchango wa mixer uliobaki, ulipe kabla hujakata tiketi. Kuhusu zile nyimbo zako mbili, zungumzeni mapema kama wataendelea kuzipiga. Mtunzi hubaki mtunzi hata akihama, sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamtambua, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo kwa kazi hiyo ya kuandikisha. Kama kuna mkataba wowote uliosaini, usome kwanza. Mimi ningewaachia wazipige, ila uamuzi ni wako.

Usione aibu kuhama. Wanamuziki wa nchi hii wamehama tangu zamani. Marehemu Muhiddin Maalim Gurumo, yule mwimbaji, alikuwa bendi ya NUTA Jazz tangu 1964, akatoka 1978 kwenda Mlimani Park, 1985 akaenda Safari Sound, na baadaye akarudi kwenye bendi ile ile ya mwanzo, ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma. Akaimba hapo mpaka uzeeni. Kila ninapofikiria hilo nawaza: mtu anarudije kwenye mlango alioutoka? Lazima kuna waliompisha.

Mimi sikurudi. Kiongozi wetu nilikutana naye mara moja tu, miaka kumi baadaye, stendi ya Mwanza. Nilijiandaa kutukanwa. Akanisalimia vizuri, akaniuliza habari za watoto, ukiwemo wewe mgongoni. Kisha akauliza, "Gauni letu liko wapi?" Nikasema liko nyumbani, nitalileta. Sikulipeleka, na yule mzee sasa ni marehemu.

Kijana aliyekuletea barua hii amebeba na mfuko wa nailoni. Dagaa ni wako na wenzako wa bendi, wagawie wote. Chini ya dagaa, ndani ya gazeti, kuna lile gauni. Nimelifua na kulipiga pasi, njano imefifia kidogo kwenye mabega. Yule mwenzangu wa sauti ya pili anauza vitenge Soko Kuu, ukiuliza utaonyeshwa. Mpe mkononi, umwambie nakuja wiki ijayo kumwona mwenyewe. Kisha unipigie uniambie amesema nini.

Mama yako